Utafiti Mtambuka wa Utamaduni Chuoni: Kutoka Swali la Kwanza hadi Utetezi wa Tasnifu

Pendekezo la utafiti mtambuka, yaani unaounganisha taaluma zaidi ya moja, likisema "utafiti huu utatumia historia, sosholojia, isimu na nadharia ya fasihi", msomaji makini wa jopo hukimbilia swali moja: tukiiondoa isimu, ni kipi kitakachobaki bila jibu? Kama hakuna, isimu imewekwa pale kama pambo. Jiulize hivyo kwa kila taaluma uliyoitaja, kabla hujaulizwa. Mara nyingi zile nne hubaki mbili, na mbili zinatosha kabisa. Taaluma ya tatu hubebeka katika uzamivu. Kwenye tasnifu ya umahiri huishia kuwa sura ya kurasa nane ambayo hata mwandishi wake haipendi.

Anza na kitu

Kituo cha masomo ya utamaduni kilichoanzishwa na Richard Hoggart katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1964, na baadaye kuongozwa na Stuart Hall, kilijijengea jina kwa kuchunguza vitu ambavyo idara nyingine ziliviona vya kipuuzi: magazeti ya kila siku, televisheni, mitindo ya vijana. Kitu ndicho kilichoamua ni njia zipi ziitwe. Mpangilio huo bado unafaa. "Utandawazi" na "utambulisho" si vitu vya kuchunguza, ni maelezo yanayotafuta kitu cha kuyabeba.

Kitu kizuri kina sifa tatu. Kinaonekana au kusikika, kwa hiyo unaweza kukikusanya na kukihesabu. Kuna watu wanaokitengeneza na wanaokitumia, na wako tayari kukizungumzia. Kisha kina mipaka ya muda na mahali ambayo unaweza kuitaja kwa sentensi moja. Katika mwongozo huu tutatumia mfano mmoja: picha za harusi zilizopigwa na studio, katika mji mmoja, kwa miaka sitini.

Kukagua kama kitu kina utajiri wa kutosha, kizungushe kwenye mzunguko wa utamaduni ambao Paul du Gay, Hall na wenzao waliuelezea mwaka 1997 kwa kutumia kifaa kidogo cha kaseti, Walkman ya Sony. Vituo vyake ni vitano: uwakilishi, utambulisho, uzalishaji, matumizi na udhibiti. Picha ya harusi inaonyesha nini? Wanaoonekana ndani yake wanajitambulisha kama nani? Nani aliipiga, kwa vifaa gani na kwa malipo gani? Inatundikwa wapi, anaonyeshwa nani? Nani anaamua kisichopigwa picha? Usijaribu kuvijibu vyote vitano. Chagua viwili au vitatu vinavyogusana, na useme wazi kwamba vingine umeviacha.

Swali moja, meza moja

Swali kuu liwe moja na liwe na mvutano ndani yake. "Kuchunguza picha za harusi" si swali. "Kwa nini picha za harusi hufanana ilhali maharusi husema walijichagulia mikao yao?" ni swali, kwa sababu pande zake mbili hazipatani na kila upande unahitaji ushahidi wa aina yake.

Chini ya swali kuu weka maswali madogo matatu, si zaidi ya manne, kisha chora jedwali la safu tano: swali dogo, taaluma, data, njia ya kuchambua, na matokeo yatakayoonyesha kwamba dhana yako si sahihi. Safu ya tano ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayotenganisha utafiti na utetezi wa imani uliyokuja nayo. Katika mfano wetu, mstari wa kwanza wa jedwali utauliza mikao imebadilika vipi kwa miaka sitini. Taaluma ni historia ya picha, data ni picha 240, njia ni usimbaji, yaani kuipa kila picha alama za sifa zake ili zihesabike. Dhana ya kufanana itaanguka kama idadi ya mikao inaongezeka kila muongo. Mstari unaofuata utauliza maharusi hukumbuka nini kuhusu uchaguzi wao: anthropolojia, mahojiano 20, uchambuzi wa mada. Wa mwisho utamgeukia mpiga picha na namna anavyowapanga watu, na hapo data ni ushuhudiaji, yaani kukaa na kutazama, wa vikao sita vya studio.

Kila mstari wa jedwali ujibiwe na data tofauti. Mistari miwili ikitegemea mahojiano yaleyale, iunganishe.

Maneno yanayosaliti

Hatua hii huchukua wiki moja na huokoa miezi. Tengeneza faharasa ya istilahi 10 hadi 15 ambazo taaluma zako zinazitumia kwa maana tofauti. "Uwakilishi" ni mfano mbaya kuliko yote: kwa mtu wa takwimu, sampuli wakilishi ni ile inayofanana na umma ilikotoka, kwa mtu wa masomo ya picha, uwakilishi ni namna picha inavyomjenga bibi harusi kuwa mtu wa aina fulani. Ukiandika "picha hizi si wakilishi" bila kufafanua, watahini wawili watasoma sentensi mbili tofauti. "Nadharia" nayo: wengine huitaka ipimwe na data, wengine huitumia kama miwani ya kusomea. Hata "utamaduni" wenyewe haujatulia. Alfred Kroeber na Clyde Kluckhohn walipokusanya fasili zake mwaka 1952 walifikisha 164. Huhitaji ya 165. Chagua iliyopo, itaje ni ya nani, uishike hadi ukurasa wa mwisho.

Wasimamizi wawili, makubaliano yaliyoandikwa

Msimamizi mkuu atoke katika taaluma itakayobeba sura nyingi, msaidizi katika ile ya pili. Tatizo la kawaida si ugomvi baina yao. Tatizo ni kwamba kila mmoja huomba nusu yake iongezwe, na tasnifu hufura. Katika kikao cha kwanza cha watu watatu, kubalianeni kwa maandishi ya ukurasa mmoja mambo haya: idara gani itatoa shahada, mtindo upi wa marejeo utatumika, nani anasoma sura ipi kwanza, maoni yatarudi baada ya siku ngapi, na nani ana neno la mwisho pale wanapotofautiana. Kikao cha watatu kirudiwe walau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Ukikutana nao mmojammoja tu, utageuka mjumbe anayepeleka na kurudisha mapingamizi.

Uliza mapema pia kanuni za chuo kuhusu watahini. Kama kanuni zinataka wote watoke idara moja, ni heri ulijue mwaka wa kwanza.

Mapitio ya maandiko

Usisome taaluma moja ukaimaliza kisha ukaingia nyingine. Soma kwa kitu chako: tafuta kilichoandikwa kuhusu picha za harusi katika historia, kisha anthropolojia, kisha masomo ya mawasiliano, na kila andiko uliandikie kadi ya mistari mitano: linauliza nini, linatumia ushahidi gani, linadai nini, linanyamazia nini, linagusa mstari gani wa jedwali lako. Programu huria kama Zotero hutunza kadi hizo pamoja na marejeo. Tumia lebo za mistari ya jedwali badala ya majina ya taaluma, la sivyo mapitio yako yatatoka kama vipande vitatu vilivyobandikwa.

Kwa kila taaluma uliyokopa, soma pia kitabu kimoja cha kufundishia mbinu na angalau mabishano mawili ya ndani. Anayekopa nadharia bila kujua wenyewe wanaipingaje hukopa kitu ambacho huenda kilishaachwa. Kwa mfano, wengi huinukuu hoja ya Hall ya mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuukubali ujumbe, kuujadili nusu kwa nusu au kuupinga, bila kutaja maswali yaliyofuata: je, mtazamaji asiyeelewa ujumbe kabisa, au aliyepuuza, yuko wapi kati ya hao watatu?

Vibali na ridhaa

Kamati ya maadili huangalia hatari kwa watu, na utafiti mtambuka una hatari zinazojificha kati ya njia mbili. Ulimficha msailiwa kwa jina bandia, kisha sura nyingine ikachapisha picha ya harusi yake: umemfichua mwenyewe. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iwe na visanduku tofauti: kurekodiwa sauti, kunukuliwa, kutajwa jina, picha kuchambuliwa, picha kuchapishwa, data kuhifadhiwa baada ya utafiti. Mtu aweze kukubali kimoja na kukataa kingine. Taja tarehe ya mwisho ya kujitoa, ambayo kwa kawaida huwekwa kabla ya uchambuzi kukamilika.

Picha ina watu zaidi ya mmoja, na ridhaa ya bwana harusi si ridhaa ya wasimamizi wa harusi waliosimama nyuma yake. Katika nchi nyingi hakimiliki ni ya mpiga picha, si ya aliyepigwa, hivyo uchapishaji huhitaji ruhusa mbili. Usipoipata mojawapo, chora mchoro wa mistari unaoonyesha mkao bila sura. Mara nyingi mchoro huo hueleza hoja vizuri kuliko picha yenyewe.

Peleka maombi miezi mitatu kabla ya tarehe unayotaka kuanza. Ambatisha mwongozo wa mahojiano uliokamilika, si mada tu. Maombi mengi hurudishwa kwa kukosa hilo.

Kukusanya

Anza na picha, ndipo uende kwa watu. Ukizijua picha 240 kabla ya kumhoji mtu wa kwanza, utajua cha kuuliza. Gawa kipindi kwa miongo, picha 40 kila muongo, na ndani ya muongo chagua kwa nambari za nasibu. Usichague kwa jicho, maana jicho hupenda picha za ajabu. Piga skani kwa dpi 400 (nukta 400 kwa inchi) au zaidi, hifadhi kama TIFF, aina ya faili inayoweza kutunza ubora wote wa picha, na piga skani ya nyuma ya picha pia. Muhuri wa studio, tarehe na maneno ya wino yako nyuma, na mtu akisahau upande huo hulazimika kurudi hifadhini kuomba upya.

Kumbuka pia kisichokuwapo. Hifadhi ya studio ina picha zilizolipiwa au zilizosahaulika, haina zilizotupwa. Andika aya moja kuhusu jinsi hifadhi yenyewe ilivyopatikana: nani aliitunza, kwa nini, nini kiliungua au kuliwa na unyevu. Wanahistoria huitafuta aya hiyo kwanza. Wanasosholojia wengi hawajui kwamba inahitajika.

Mahojiano: swali la idadi huulizwa sana. Greg Guest na wenzake, katika uchambuzi wa mahojiano 60 uliochapishwa mwaka 2006, walikuta kwamba sehemu kubwa ya mada ilishajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Lakini wasailiwa wao walikuwa wa aina moja na waliulizwa maswali yaleyale. Kama una makundi mawili, kwa mfano waliooana zamani na waliooana karibuni, hesabu 10 hadi 12 kwa kila kundi. Hamsini si bora kuliko ishirini kama hutapata muda wa kuyasikiliza tena.

Hapa hesabu ya muda haina huruma. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kunukuliwa, yaani kugeuzwa maandishi. Mahojiano 20 ya dakika 75 ni saa 25 za sauti, yaani saa 100 hadi 150 za unukuzi. Kwa saa tano kwa siku, ni siku 20 hadi 30 za kazi. Programu za kunukuu sauti hupunguza muda huo, ila hukosea zaidi pale wazungumzaji wanapochanganya lugha au kuzungumza lahaja, na ndipo data yako ilipo tamu. Sikiliza kila neno mara moja hata kama mashine imeandika. Data ikiwa katika lugha tofauti na ya tasnifu, chambua lugha asilia, tafsiri tu vipande utakavyonukuu, na weka asilia pembeni.

Kuwahoji watu kwa kutumia picha, njia ambayo John Collier aliieleza mwaka 1957, hufanya kazi vizuri sana hapa. Ila mpangilio una maana. Uliza kwanza maswali ya wazi bila picha, nusu saa hivi, ndipo utoe picha tano au sita. Ukiitoa picha mwanzoni, kumbukumbu yote hufuata kilichomo kwenye fremu. Na unapoonyesha, sema kwa sauti nambari ya picha, kwa sababu kinasa sauti hakioni kidole kinachoelekeza "huyu hapa".

Katika ushuhudiaji, andika kwa kalamu pale studio maneno machache tu, kisha andika maelezo kamili siku hiyohiyo. Ukurasa ugawe mara mbili: kushoto ulichokiona na kukisikia, kulia unachofikiri. "Mpiga picha alimgusa bibi harusi bega na kumwambia ainamishe kichwa" ni ya kushoto. "Alimtiisha" ni ya kulia.

Kutunza data

Haraka: rekodi ya WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya 48 kHz na biti 24, saa moja kwa chaneli moja ni takriban megabaiti 520, kwa hiyo saa 25 ni gigabaiti 13. Nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya jengo unamofanyia kazi. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha namba ya msailiwa, bila jina lake. Faili linalounganisha namba na majina likae peke yake, limefungwa kwa nywila, mbali na data.

Kusimba na kuchambua

Kwa picha, daftari la misimbo lina safu nne kwa kila msimbo: jina, maelezo, mfano unaoingia, mfano unaokaribia lakini hauingii. Hiyo ya nne ndiyo huondoa ubishi. Anza na picha 30 za majaribio, rekebisha daftari, kisha tupa usimbaji wa majaribio na uanze upya. Mpe mtu wa pili asilimia 10 hadi 20 ya picha azisimbe bila kuona za kwako.

Usitangaze makubaliano kwa asilimia tupu. Tuseme mmekubaliana kwa asilimia 85 kama mwanamume yuko kulia, na kila mmoja wenu amesema "ndiyo" kwa asilimia 80 ya picha. Kwa bahati tu mngekubaliana asilimia 68 (0.64 kujumlisha 0.04). Kipimo cha kappa cha Jacob Cohen hutoa hiyo bahati: 0.85 kutoa 0.68, gawanya kwa 0.32, unapata 0.53. Ile 85 iliyopendeza imegeuka kuwa ya wastani. Rudi kwenye maelezo ya msimbo. Pengine "kulia" kwa mmoja ni kulia kwa mtazamaji na kwa mwingine ni kulia kwa aliyepigwa.

Mahojiano hayahitaji kappa, na watafiti wengi wa mada, wakiwamo Virginia Braun na Victoria Clarke ambao maelezo yao ya hatua sita ya mwaka 2006 hutumika sana, hawaipendekezi kwa mkabala wao. Kwao mtafiti anayeisoma data ni sehemu ya uchambuzi. Usione haya kutumia vigezo viwili vya ubora katika tasnifu moja, ilimradi uvieleze katika sura ya mbinu. Kosa kubwa ni kulazimisha kigezo cha taaluma moja juu ya data ya nyingine ili ionekane ya kisayansi.

Data zinapogombana

Hapa ndipo utafiti mtambuka unapolipa gharama zake, na ndipo wengi hukimbia. Tuseme picha 240 zina mikao tisa tu, lakini wasailiwa 17 kati ya 20 wanasema walichagua wenyewe. Mwanafunzi mwoga huandika kwamba matokeo "yanakamilishana". Hayakamilishani, yanapingana. Yachukulie kwa mpangilio huu.

Kwanza kagua kama ni kosa la kiufundi: je, picha na wasailiwa ni wa kipindi kimoja? Je, msimbo wa "mkao" ni mpana mno kiasi cha kumeza tofauti ambazo wasailiwa wanaziona? Ukisimba upya kwa undani na mikao tisa ikawa thelathini, ugomvi umekwisha na hukuwa ugunduzi.

Usipokwisha, uliza kama vyanzo vinajibu swali moja. "Kuchagua" kwa msailiwa huenda kukawa ni kuchagua studio, au kuchagua kati ya sampuli zilizobandikwa ukutani. Rudi kwenye nukuu, ukazitafute kauli zote zenye kitenzi hicho na uone kinabeba nini. Kisha leta chanzo cha tatu. Daftari la ushuhudiaji likionyesha kwamba mpiga picha hutoa machaguo mawili na kuuliza "mnapenda upi?", umepata jibu ambalo picha peke yake zisingelitoa, wala mahojiano peke yake: uchaguzi upo, ila orodha ya vya kuchagua imeshapangwa na mwingine. Hiyo ndiyo sentensi ya kuweka katika ikisiri.

Na kama bado haupatani, uache ugomvi wazi katika maandishi na ueleze ni data gani ingeuamua. Usichague upande wa taaluma ya msimamizi mkuu kwa sababu tu ndiye anayesaini.

Kuandika

Usiandike sura ya historia, sura ya anthropolojia na sura ya picha. Panga sura kwa madai: moja kuhusu kufanana, ya pili kuhusu uchaguzi, ya tatu kuhusu mpiga picha kama mlinzi wa mazoea. Kila sura iite vyanzo viwili au zaidi. Njia rahisi ya kukagua: paka rangi kila aya kwa chanzo chake. Kurasa kumi mfululizo zikiwa na rangi moja, vyanzo bado havijakutana.

Sura ya mbinu itakuwa ndefu kuliko kawaida, pengine mara moja na nusu, kwa sababu kila msomaji ni mgeni wa nusu yake. Eleza kila mbinu kana kwamba unamweleza mtu mwenye akili kutoka idara jirani. Mpe rasimu mtu mmoja wa kila taaluma, na umwombe apige mstari tu mahali alipopotea, bila kuandika maoni.

Kwa utetezi, tayarisha karatasi moja kwa kila mtahini: maswali matatu ambayo taaluma yake humwuliza kila mtu. Mwanahistoria atauliza hifadhi ilitoka wapi, mtu wa takwimu atauliza kwa nini 240, mwanaanthropolojia atauliza ulikuwa nani machoni pa wasailiwa. Na mmoja wao ataomba uongeze taaluma ya nne. Mfungulie jedwali la safu tano, umwonyeshe mstari ambao ingeuhudumia. Kama mstari haupo, mwambie hivyo, kwa adabu, na uonyeshe ukurasa ulipoandika mipaka ya utafiti.